Saladi ya maharagwe mabichi: siki iyakute ya moto, mafuta yasubiri

Mwezi wa tano ukielekea ukingoni, na tena kuanzia mwezi wa kumi na moja, maharagwe mabichi hujaa kwenye masoko ya Kampala. Ukipita Kalerwe, Nakawa au Owino utawakuta kina mama wameketi nyuma ya malundo ya maganda, vidole vinamenya huku mdomo unaongea na mteja, na punje zenye madoa ya waridi zinaangukia kwenye beseni. Nyumba nyingi huyapeleka moja kwa moja kwenye mchuzi wa nyanya na kitunguu. Mchuzi huo ni mtamu, sina neno nao. Ila kwa saladi, maharagwe mabichi yanayashinda makavu, na ya kopo yanayaacha mbali sana: ngozi yake ni nyororo, ndani yanalainika bila kuwa unga, na yanaiva kwa muda usiozidi saa moja bila kulowekwa. Msimu ukipita umepita, kwa hiyo wiki hizi chache zitumiwe vizuri.

Saladi yenyewe haina mambo mengi. Ni maharagwe yaliyochemshwa, kitunguu, mboga mbichi moja au mbili za kutafunika, na vinegreti, yaani sosi ya siki na mafuta. Kinachoitofautisha saladi nzuri na bakuli la maharagwe baridi yanayoteleza mafuta ni utaratibu tu. Chumvi iingie kwenye maji ya kuchemshia. Siki iyakute maharagwe yakiwa bado ya moto. Mafuta yaje nyuma ya siki, kamwe yasiitangulie. Karibu kila saladi ya maharagwe iliyopooza ina kosa kwenye mojawapo ya hatua hizo tatu.

Kuchagua sokoni

Kanyebwa ndiyo chaguo langu la kwanza. Ni punje za rangi ya maziwa zenye michirizi myekundu, huiva haraka, zina utamu wa asili na ngozi yake haichani upesi. Nambale, zile kubwa nyekundu zenye mabaka, zinafuata. Zina ladha nzito zaidi na zinastahimili sosi kali. Maharagwe ya njano ni matamu mno ila ngozi yake ni nyembamba, ukizubaa dakika chache yanapondeka, hivyo yanamfaa mpishi anayesimama karibu na sufuria.

Wapo pia wanaolima zile NAROBEAN ambazo NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, ilizitoa mwaka 2016, aina zilizozalishwa ziwe na chuma na zinki kwa wingi. Ukizipata mbichi, saladi ni njia nzuri ya kuzila, kwa sababu vitamini C iliyo kwenye limau, nyanya na pilipili hoho husaidia mwili kuifyonza chuma ya maharagwe. Chai ya majani hufanya kinyume chake. Kwa hiyo chai isubiri angalau saa moja baada ya mlo.

Ukinunua yakiwa kwenye maganda, tafuta ganda lililoanza kupoteza ukijani, linaloelekea njano au lenye michirizi ya zambarau, lililolegea kidogo mkononi kama ngozi laini. Hapo punje zimejaa. Ganda la kijani kibichi lina punje changa zenye maji, nazo huvurugika kwenye sufuria. Ganda lililokauka na kulia likiguswa lina punje zilizoanza kuwa kavu, na hizo zitabaki ngumu wakati wenzake wameiva. Kuchanganyika kwa umri ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyodhani, na kuchanganyika kwa aina ni balaa zaidi: Kanyebwa na Nambale kwenye sufuria moja haziivi pamoja hata ubembeleze moto namna gani.

Yaliyokwisha menywa yana hila yake. Punje nzuri inang'aa, ina unyevu lakini haitelezi, na inanukia majani mabichi. Yale yaliyofungwa ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, tangu asubuhi kwenye jua hutoka jasho, kwa sababu punje mbichi bado inapumua na kutoa joto, na baada ya saa chache harufu inaanza kuwa chachu. Uliza tu kwa heshima: "Nyabo, haya yamemenywa leo au jana?" Kisha ingiza mkono chini ya beseni, si juu, unuse vidole. Yaliyo juu huwa yamepangwa. Punje yenye tundu dogo jeusi imeshapitiwa na kiwavi. Chache utaziondoa nyumbani, zikiwa nyingi hama meza.

Kwa vipimo: kilo moja ya maganda hutoa punje kama nusu kilo, mara nyingi pungufu kidogo. Tumpeco moja, kile kikombe cha plastiki cha nusu lita, ikijaa punje mbichi ina takriban gramu 300 hadi 325, kwa hiyo tumpeco moja na nusu na zaidi kidogo inatosha mapishi ya hapa chini. Tofauti na makavu, ambayo kilo moja huongezeka na kupita kilo mbili baada ya kupikwa, mabichi huongezeka kidogo sana, hivyo usinunue kwa kukisia ukitegemea yatafura.

Yakae kwenye maganda hadi siku ya kupika. Kwenye friji maganda yanavumilia siku tatu au nne. Yakishamenywa ni siku mbili tu. Ukitaka kuyaweka muda mrefu, yatie kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, yapooze kwenye maji baridi, yakaushe kwa kitambaa, kisha yagandishe yakiwa yametandazwa kwenye trei kabla ya kuyatia mfukoni. Dakika hizo mbili ni za kuhifadhi tu. Siku ya kula bado yanahitaji kuchemshwa kikamilifu.

Vipimo

Kwa watu sita kama kitoweo cha pembeni, au wanne kama mlo: gramu 500 za maharagwe mabichi yaliyomenywa, lita moja na nusu ya maji na chumvi vijiko viwili na nusu vya chai, ambayo ni karibu gramu 15, kitunguu chekundu kimoja cha wastani, nyanya mbili ngumu, nusu ya pilipili hoho, fungu dogo la dania, na ukipenda, gramu 150 za mishiri, yale maharagwe machanga ya kijani yanayoliwa na ganda lake.

Kwa sosi: siki vijiko viwili vya chakula, maji ya limau kijiko kimoja cha chakula, mafuta vijiko vitano vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai, asali au sukari nusu kijiko cha chai, haradali ya kopo kijiko kimoja cha chai, punje moja ya kitunguu saumu, na pilipili manga. Kijiko cha chakula hapa ni cha mililita 15 na cha chai ni cha mililita 5, vyote vikiwa vimesawazishwa.

Kuchemsha

Osha punje, ondoa zilizotobolewa na vipande vya maganda. Chemsha maji kwanza, tia chumvi, ndipo utie maharagwe. Ndiyo, chumvi mwanzoni. Imani kwamba chumvi hufanya maharagwe yawe magumu imekaa sana vichwani mwetu, lakini mambo yako kinyume: sodiamu ya chumvi huchukua nafasi ya kalsiamu na magnesi zinazoshikilia ukuta wa ngozi, na ngozi inalainika. Zaidi ya hapo, punje iliyopikwa kwenye maji yenye chumvi ina ladha hadi kwenye kiini. Chumvi inayotiwa mezani hubaki juu juu, mdomo unaonja chumvi kwanza halafu unga usio na ladha.

Kinachoyafanya maharagwe yagome ni kitu kichachu. Nyanya, limau au siki vikiingia sufuriani kabla hayajaiva, ngozi inajikaza na unaweza kuchochea sigiri hadi jioni. Vyote hivyo visubiri. Magadi nayo hayana kazi hapa. Yanalainisha kweli, ila yanaifanya ngozi iteleze na kuachana na punje, yanaacha ladha ya sabuni na yanaharibu vitamini B1. Kwenye mchuzi mtu anaweza kuyavumilia. Kwenye saladi kila punje inaonekana na kila kasoro inaonekana.

Dakika 10 hadi 15 za kwanza maji yachemke kwa nguvu. Ondoa povu. Baada ya hapo punguza moto hadi viputo viwe vinapanda polepole lakini bila kukoma, funika nusu, na usikoroge kwa mwiko. Tikisa sufuria tu. Kukoroga na kuchemka kwa fujo ndiko kunakochana ngozi.

Hapa pana jambo la usalama lisilopaswa kupuuzwa. Maharagwe mabichi, kama yalivyo makavu, yana lektini, sumu ya asili, na hasa yale mekundu. Punje chache tu zisizoiva zinatosha kumletea mtu kichefuchefu, kutapika na kuharisha ndani ya saa moja hadi tatu. Kuchemka kwa kweli huiharibu sumu hiyo. Joto la vuguvugu haliiharibu, na linaweza hata kuiongeza makali. Kwa hiyo hesabu angalau dakika 30 za maji yanayochemka, hata kama punje zinaonekana laini mapema. Wanaotumia kikapu cha kuhifadhi joto ili kuokoa makaa, jambo zuri sana, wamalize kwanza dakika hizo 30 motoni ndipo wahamishie kikapuni. Sigiri inayozimika katikati ya kazi nayo ni hatari ileile: mkaa ukifa, ongeza, halafu anza kuhesabu upya maji yanaporudi kuchemka.

Muda wote ni kati ya dakika 35 na 50 kwa Kampala. Sababu ya kutaja mahali ni kwamba maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Kampala, yenye mwinuko wa kama mita 1,200, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, karibu mita 2,000, ni kama 93. Mapishi yaliyoandikwa kwa ajili ya pwani yatakudanganya dakika kumi au zaidi ukiwa Kabale au Kapchorwa, na si kosa la maharagwe yako.

Kupima uivaji, toa punje tano kutoka sehemu tofauti za sufuria, si moja. Ziweke kwenye kijiko uzipulizie: ngozi ikikunjamana na kuanza kujifunua, mko karibu. Kisha weka punje moja juu ya ulimi uibonyeze kwenye kaakaa bila kutumia meno. Iliyoiva inakubali yote kwa pamoja. Ambayo bado ina kiini kinachokataa kidogo na kuacha vumbi kama chaki. Zote tano zikikubali, zima moto. Nne zikikubali na moja ikakataa, ongeza dakika tano upime upya; usijiambie kwamba siki itamalizia, kwa sababu siki ikishaingia ulaini unakoma hapo hapo.

Usiyachuje mara moja. Yaache ndani ya maji yake dakika kumi nje ya moto. Punje ya moto ikitolewa ghafla kwenye hewa, ngozi inakauka na kusinyaa kabla ya nyama ya ndani, inapasuka. Hilo ndilo hutokea maharagwe yanapoonekana mazima sufuriani na yamechanika kwenye bakuli. Baada ya dakika kumi chuja, na yale maji uyahifadhi. Ni supu nzuri ya kupikia mboga, na vijiko viwili vyake vitaokoa saladi iliyokauka kesho yake.

Ukiwa na mishiri, ichemshe peke yake kwenye maji yenye chumvi kwa dakika nne au tano, uitie kwenye maji baridi, uikaushe. Iweke pembeni. Isikutane na siki hadi dakika ya mwisho, kwa kuwa uchachu hugeuza ukijani wake kuwa rangi ya kijivu cha zaituni, na hakuna njia ya kuurudisha.

Sosi

Wakati maharagwe yanapumzika ndani ya maji yake, kata kitunguu vipande vyembamba na ukitie kwenye maji baridi yenye chumvi kidogo kwa dakika kumi, kisha kikamue. Ukali wa kitunguu hutokana na sulfuri inayoachiliwa kisu kinapokata, na maji huondoa sehemu kubwa yake. Kitunguu kisichooshwa kitatawala bakuli zima baada ya saa mbili.

Twanga kitunguu saumu pamoja na chumvi hadi kiwe uji. Ongeza siki, limau na asali, koroga hadi chumvi iyeyuke kabisa. Fanya hivyo kabla ya mafuta kuguswa, maana chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Ukichanganya vyote kwa mpigo, punje za chumvi zinavikwa mafuta na kubaki chini ya bakuli.

Sasa gawa uchachu huo: vijiko viwili viende kwenye maharagwe, kijiko kimoja kibaki kwa ajili ya sosi.

Chuja maharagwe, yamimine kwenye bakuli pana, na papo hapo, yakiwa bado yanatoa mvuke, nyunyiza vile vijiko viwili. Mvuke wa siki utakupanda puani, ugeuze uso kidogo. Tikisa bakuli. Utaona majimaji yanapotea chini ya bakuli ndani ya dakika chache, na madoa yaliyofifia sufuriani yanarudisha wekundu kidogo, kwa sababu rangi ya ngozi ya maharagwe hupenda uchachu. Punje ya moto imelegea na inafyonza. Ikishapoa inajifunga, na siki itakayokuja baadaye itabaki kuteleza juu. Ndiyo maana mafuta hayaruhusiwi kutangulia. Yakishaivika punje, siki haipenyi tena. Acha yapoe dakika 20 yakiwa yametandazwa.

Kile kijiko kilichobaki kitie kwenye chupa safi ya jamu pamoja na haradali, pilipili manga na mafuta. Funga, tikisa kwa nguvu nusu dakika. Ute wa haradali hushika matone ya mafuta yasirudi kuungana, na sosi inakuwa nzito, ya rangi ya maziwa. Bila haradali itatengana baada ya dakika chache. Hiyo si dhambi, tikisa tena na umimine haraka. Kijiko cha chai cha odii, ile ya simsim na karanga inayotoka kaskazini, hufanya kazi inayokaribiana na ya haradali, na kwa maoni yangu huipa Kanyebwa ladha nzuri kuliko haradali yoyote. Ila odii hujikaza ikikutana na limau. Ianze na kijiko cha chai cha maji ya uvuguvugu, ukoroge hadi ilegee, ndipo uendelee.

Vitabu vingi vya mapishi huagiza mafuta matatu kwa siki moja. Hiyo ni kwa majani mabichi kama letusi, yasiyofyonza. Maharagwe ni wanga, yananyonya uchachu na kuuzima, hivyo hapa tumeshuka hadi chini kidogo ya mbili kwa moja, ukijumlisha na siki iliyokwisha ingia kwenye punje. Ukionja sosi peke yake itaonekana ina mafuta mengi. Onja ikiwa na punje.

Kuhusu mafuta, ya alizeti yaliyosafishwa yanatosha kabisa, hayana kelele. Ya simsim yaliyokamuliwa bila kusafishwa yana nguvu: kijiko kimoja kati ya vile vitano, vinne viwe vya alizeti. Ya zeituni ni mazuri kama mfuko unaruhusu, lakini yasisagwe kwa blenda, yanageuka machungu. Mkono na chupa vinatosha. Soma lebo ya chupa kubwa za mafuta ya kupikia, kwa kuwa mengi madukani ni ya mawese, na hayo yakiwekwa kwenye friji huganda na kuacha utando mdomoni. Kwa kukaangia ni sawa, kwa saladi si mahali pake.

Siki nyeupe ya dukani hufanya kazi, ila ni kali bila harufu nzuri. Tumia kijiko kimoja na nusu badala ya viwili, nusu iliyobaki iwe maji. Siki ya tufaha ni laini zaidi. Angalia lebo iseme asilimia 4 au 5 ya asidi. Chochote chenye nguvu zaidi ya hapo si cha kumimina moja kwa moja. Pasheni nayo ni rafiki: maji ya tunda moja yaliyochujwa yanaweza kuchukua nafasi ya limau na asali kwa pamoja.

Kukamilisha

Gawa nyanya, ondoa mbegu na maji yake, kata vipande vya ukubwa wa punje. Pilipili hoho vivyo hivyo. Maharagwe yakiwa ya uvuguvugu wa mkono, mimina sosi, ongeza kitunguu na hoho, geuza kwa mikono safi au kwa vijiko viwili vipana ukitoka chini kwenda juu. Nyanya, dania na mishiri viingie dakika tano kabla ya kula. Parachichi, kama lipo, likatiwe juu ya sahani ya kila mtu, lisichanganywe.

Onja tena hapo. Karibu kila mara itataka chumvi kidogo na matone ya limau, kwa sababu wanga huendelea kunyonya. Usiongeze mafuta kutibu saladi iliyopooza. Inayopooza ina upungufu wa chumvi au wa uchachu, na mafuta yatazidi kuiziba ladha.

Ikiwa imejaa maji chini ya bakuli, chanzo ni nyanya zenye mbegu, kitunguu kisichokamuliwa, au maharagwe yaliyochujwa haraka mno. Imimine kwenye chujio, anza sosi upya kwa nusu ya kipimo. Ikiwa ngozi ni ngumu na ndani laini, maji yako yana madini mengi, kama ya visima vingine, au punje zilikuwa zimekomaa. Siku nyingine tumia maji ya mvua na uloweke maharagwe saa mbili kwenye maji ya chumvi kabla ya kupika. Ikiwa imekuwa rojo, usiitupe. Iponde yote pamoja na sosi, ipake kwenye chapati.

Jambo moja kuhusu vyombo: kuchemshia kwenye sufuria ya alumini hakuna shida, lakini siki na limau visikae humo. Uchachu hula alumini na saladi inaonja chuma. Bakuli la kioo, la udongo, la plastiki safi au la chuma kisichoshika kutu ndilo linalofaa.

Msimu ukiisha, na shughuli zikija

Kwa maharagwe makavu, gramu 250 zinatosha badala ya 500 mbichi. Yaloweke saa 8 hadi 12 kwenye maji yenye gramu 15 za chumvi kwa lita, yamwage maji hayo, yaoshe, kisha upike kwa utaratibu uleule kwa saa moja hadi moja na nusu. Yanajaza gesi tumboni zaidi kuliko mabichi, kwa kuwa sukari zinazosababisha gesi hujikusanya punje inapokomaa na kukauka. Kumwaga maji ya kulowekea kunapunguza kiasi. Ya kopo yaoshwe, yapashwe moto dakika mbili tatu kwenye maji, ndipo yapate siki. Ya baridi kutoka kopo hayafyonzi kitu.

Kwa watu 40 kwenye shughuli, kama kitoweo cha pembeni, hesabu kilo 3 na nusu za punje. Zipike kwenye sufuria mbili au tatu, kwa sababu sufuria moja iliyojaa huchelewa kurudi kuchemka na zilizo chini hupondwa na uzito wa zilizo juu. Siki ya moto ifanyike kwa kila sufuria mara tu inapochujwa. Usisubiri zote ziive ndipo uanze. Safiri na vyombo vitatu: maharagwe yaliyokwisha kunywa siki, sosi kwenye chupa, na mboga mbichi zilizokatwa. Zikutane kwenye eneo la shughuli nusu saa kabla ya kupakua. Inakwenda vizuri sana na muchomo, yaani nyama choma, na ngege (samaki aina ya tilapia) wa kuchoma, na viazi vitamu vya kuchemsha.

Maharagwe yaliyopikwa yasikae nje zaidi ya saa mbili, hasa kwenye joto la hema. Uchachu huu ni wa ladha, hautoshi kuyalinda yasiharibike. Kwenye friji, saladi isiyo na nyanya wala dania inakaa siku tatu na siku ya pili huwa nzuri kuliko ya kwanza. Yenye nyanya iishe siku hiyo hiyo. Sosi iliyobaki, kwa kuwa ina kitunguu saumu ndani ya mafuta, nayo ikae kwenye friji na iishe ndani ya siku nne. Itoe saladi nusu saa kabla ya kula, ongeza vijiko viwili vya yale maji ya kuchemshia uliyoyahifadhi, ugeuze, uonje chumvi, ndipo utie dania mbichi.